Fundi Aliyerudisha Vilivyochakaa

Ukimpelekea Fundi mashine yako, alikuwa anakurudishia pamoja na kifurushi cha gazeti. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kila alichokitoa: mkanda uliokatika, beringi iliyolegea, kaboni zilizolika mpaka zikabaki kama kucha. "Hii ni yako," alikuwa anasema, akikukabidhi kwa mikono miwili. Ukimwambia atupe tu, utapeleka wapi takataka hizo, alikuwa anakunja uso. Kilichochakaa ni cha mwenyewe, ndivyo alivyoamini, na fundi anayezoea kubaki na kibovu cha mtu siku moja atabaki na kizima.

Mjini Moshi watu walimpendea hilo, maana mafundi wetu tunawajua. Unapeleka redio yenye spika mbili, inarudi na moja, na ukiuliza unaambiwa ilikuja hivyo hivyo. Kwa Fundi hukuhitaji kuweka alama wala kusimama pale kulinda mali yako. Uliacha mashine kwenye kibaraza chake, ukaenda sokoni kununua nyanya zako kwa amani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi Kirua Vunjo kwenye kihamba cha wazazi wangu, yaani shamba letu la ukoo, kwa kuwa katika ndugu zangu wote mimi ndiye niliyebaki nyumbani kuangalia migomba na kahawa. Nyumba ya Fundi iko ng'ambo ya mfereji. Alikuwa akishuka mjini asubuhi na kupanda jioni, na nilimfahamu tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Kilichotuunganisha ni Ng'ombe. Mama yangu aliwapikia Wazungu wa shamba la kahawa, na walipoondoka walimwachia mashine ya kufyonza vumbi. Ni ya zamani, ya kusimama, ya chuma, ina mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mpini na taa mbele kama ya pikipiki. Ukiiwasha inalia moo, ndiyo maana watoto wa kaka zangu waliiita Ng'ombe na jina likashika. Kazi yake hasa ilikuwa ya Desemba. Ndugu zangu wakishapanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza, zulia jekundu la Mama linatolewa chini ya kitanda, linatandikwa sebuleni, Ng'ombe anapita juu yake, na hapo ndipo Krismasi inakuwa Krismasi. Mwaka mzima uliobaki tunatembea kwenye saruji kama watu wengine.

Spea za Ng'ombe hazikupatikana popote, kwa hiyo Fundi alizitengeneza. Kaboni za mota alizitoa kwenye betri za redio zilizokwisha. Alipasua betri, akachomoa kijiti cheusi cha katikati, akakikata, akakisugua kwa tupa na kumalizia na msasa, akikijaribu kwenye tundu lake mara kwa mara mpaka kiingie bila kubana na bila kucheza. Mkanda aliukata kwenye tyubu ya pikipiki. Brashi ya chini ilipoota upara aliipandikiza nyuzi za katani, na mfuko ulipotoboka aliushona upya kwa suruali ya jinzi ya kaka yangu. Hakuondoa mfuko wa suruali, kwa hiyo mfuko wa Ng'ombe una mfuko wake, na watoto huficha pipi humo.

Kwenye beringi alikuwa anaweka kipande cha kofia. Nasema kweli. Marehemu baba yake alimwachia kofia ya pama, ile nene ya sufu, na Fundi alikuwa akiikata kidogo kidogo, analoweka kipande kwenye mafuta ya cherehani na kukizungusha pale chuma kinapokwaruza. Nilimwambia siku moja, "Fundi, unaimaliza kofia ya baba."

"Baba mwenyewe hakupenda kelele," akajibu, na kweli mashine ilikuwa imenyamaza pale ilipokuwa inasaga.

Yeye pia hakupenda kelele, na hilo lilituchekesha, mtu anayefanya kazi katikati ya mashine zinazonguruma huku amejaza pamba masikioni. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi umguse bega. Alikuwa mkali kwa wateja wa Desemba, anawauliza kama tarehe ya Krismasi wameisikia leo, lakini hakumrudisha hata mmoja. Kila mashine aliyoletewa aliinusa kwanza, akaizungusha kwa kidole, akasema, "Haijafa, imechoka." Ulikuwa wimbo wake. Mama alipokuwa kitandani, Fundi alikuja kumwona, akakaa naye, kisha akaniambia barazani, "Mwalimu, mama sasa amechoka kweli." Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Alikuwa na vituko vyake. Harusini hakula wali. Sinia la pilau likipita alilisogeza kwa jirani, akasubiri ndizi. Watu walisema ana sukari, lakini soda alikunywa na mbege alikunywa, na mimi sikumwacha. "Fundi, sukari yako inachagua sahani?" Meza nzima ilicheka, naye akacheka pamoja nasi.

Jingine halikuwa la kuchekesha, lakini tulicheka pia. Fundi hakwenda komunyo. Alihudhuria misa kila Jumapili, ameoa kanisani, anaimba kwa sauti yake nzito akiwa benchi la mwisho karibu na mlango. Watu wakianza kupanga mstari, yeye alisogeza magoti ili wengine wapite, akainamisha kichwa. Siku za nyuma alikuwa akienda kama wote, halafu akaacha, na mtu akiacha komunyo huku kwetu kijiji kinamtafutia sababu. Walisema ana mwanamke Arusha. Maneno yale yalimfikia mkewe. Mimi sikuyaanzisha, lakini niliyasikia nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikatabasamu, na hiyo nayo ni namna ya kuyabeba.

Nilikuwa na sababu ya kukaa kimya, nayo ni kwamba mimi, kuliko mtu yeyote kijijini, ningeweza kujua.

Mama alifariki wakati wa Kwaresima, miaka mingi sasa imepita. Desemba ile, Krismasi yetu ya kwanza bila yeye, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo nikiwa namjaribu Ng'ombe, na moshi ukatoka. Nilimpeleka kwa Fundi watu wakiwa wameshaanza kupanda. Alinusa, akajaribu kuzungusha kwa kidole, akanitazama.

"Hii haijachoka, Mwalimu. Hii imekufa. Koili yote imeungua."

Niliweka mikono kiunoni kama niko darasani. "Fundi, usinifanyie hivyo. Ndugu zangu wote wanakuja. Waje wakute zulia la Mama lina vumbi, mwaka huu huu aliotuacha? Wewe uliyekula machalari ya mama yangu mpaka ukalamba sufuria?"

Nilijua pa kubonyeza. Siku ya mkesha alimleta Ng'ombe mwenyewe hadi mlangoni, na nilipowasha alilia kwa sauti nzuri kuliko zamani. Siku ya pili, baada ya misa ya Krismasi, nilimshika mkono mbele ya ndugu zangu na nusu ya parokia, nikatangaza kwamba fundi huyu amemfufua ng'ombe wa mama yangu. Watu wakampigia makofi. Yeye alitazama viatu vyake.

Na hakunipa kifurushi. Mota nzima imebadilishwa, kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kunitolea, na mkononi mwake hapakuwa na gazeti. Niliona. Swali lilifika kwenye ulimi nikalimeza, kwa sababu jibu lingeweza kunizimia mashine. Kuanzia Jumapili iliyofuata Fundi akahamia benchi la mwisho.

Mwaka jana mwezi wa Novemba alikuja kwangu na isale. Asiyetokea kwetu ajue kwamba isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa vihamba. Mtu akikujia na jani lake lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na jani hilo halikataliwi, hata kama alikuchomea nyumba. Ukilipokea, shauri limekwisha. Huweki sharti. Ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu." Hakukaa. Alininyooshea jani kwa mikono miwili, nami nikalipokea kwa mikono miwili kabla sijajua la nini. "Mota iliyo ndani ya Ng'ombe si yako," akasema.

Akanieleza akiwa amesimama. Kulikuwa na mama mmoja wa Mabogini, ametoka mkoa mwingine, aliyefanya kazi miaka yote nyumbani kwa meneja wa shamba la miwa. Alipostaafu walimpa mashine yao ya kufyonza vumbi, pacha kabisa wa Ng'ombe. Aliileta kwa Fundi swichi tu ndiyo mbovu, kisha akasafiri kwao kwenye msiba. Mashine ilikuwa kwenye rafu ya Fundi siku niliyokwenda na mikono yangu kiunoni. Alitoa mota yake akaniwekea mimi, na ile yetu iliyoungua akaiweka kwenye mashine ya yule mama.

"Aliporudi nikamwambia imeungua. Hakuuliza hata swali. Akanipa pole kwa kuhangaika. Akaniachia mfuko wa mchele wa shambani kwake, Mwalimu. Mchele mpya. Tangu hapo wali haunipiti kooni."

Nilikumbuka mzaha wangu wa sukari, nikatamani ardhi inifiche.

"Padre aliniambia nirudishe kwanza, ndipo nije mezani pa Bwana," akaendelea. "Akahamishwa, akaja mwingine, akaniambia yale yale. Mimi nikawa naogopa kukunyang'anya kitu cha mama. Lakini macho yananiaga. Bado kidogo sitaona skrubu. Naomba nikairudishe wakati bado naona."

Nililishika lile jani. Sebule yangu nzima niliiona mbele yangu, zulia, shemeji zangu wenye maneno, wajukuu waliokuwa wanakuja kwa mara ya kwanza na kusimuliwa habari za Ng'ombe.

"Nimekusamehe, Fundi," nikasema. "Ila tuache Krismasi ipite kwanza."

Alilitazama jani mkononi mwangu, muda mrefu kidogo. "Sawa, Mwalimu," akasema, akavuka mfereji kurudi kwake.

Ufagio ninao. Zulia lingeweza kuanikwa kwenye kamba likapigwa fimbo, kama wanavyofanya watu wote wenye akili. Sikufanya hivyo. Nilimwasha Ng'ombe, wajukuu wakapiga kelele za furaha, nami nikasimama pale natabasamu. Asubuhi ya Krismasi nilipanga mstari, nikapokea komunyo, nikarudi kwa njia ya pembeni, nikapita mbele ya benchi la mwisho. Fundi alisogeza magoti ili nipite. Hakuna kitu nilichowahi kutenda kinachonitia aibu kama hatua zile.

Nilishuka mjini Januari, wageni wakiwa wameondoka. Nilimkuta anafunga kibaraza chake, safari hii moja kwa moja, anatoa vifaa kwenye rafu na kuwagawia mafundi wenzake. Nikamwambia Ng'ombe yuko kwenye bajaji, twende Mabogini. Hakuuliza kwa nini leo. Alichukua bisibisi, tochi na pamba yake. Isale alikuwa nalo tayari ndani ya koti.

Mama wa Mabogini alitupokea kwa furaha, akamtambua Fundi mara moja, akavuta viti. Nje mpunga ulikuwa umesimama kwenye maji hadi karibu na choo. Fundi hakukaa. Alimnyooshea jani kwa mikono miwili, kimya, kama inavyopasa.

"Jamani, asanteni," akasema yule mama. "Zuri hili." Akalichomeka kwenye chupa ya soda yenye maji, akaliweka mezani kama ua, akauliza kama tunakunywa chai.

Fundi akanigeukia. Kwetu jani lingemaliza kazi yote. Hapa lilikuwa jani tu, na ilimbidi kusema kwa mdomo wake.

"Mama, nilikuibia."

Akasema yote, bila kujitetea, na jina langu hakulitia. Ikabidi nilitie mwenyewe. "Ni mimi niliyemsukuma, mama. Na nilihisi kuna kitu, lakini sikuuliza. Na tangu Novemba nimejua kila kitu, nikaendelea kuitumia."

Yule mama alikuwa akivuta pindo la khanga yake. "Kwa hiyo ya kwangu haikuungua."

"Haikuungua, mama."

"Nilimwambia mwanangu ni yeye." Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa anachomelea mageti hapa nje, anatumia umeme wa nyumba hii. Nikasema mashine imeharibiwa na yeye. Akakataa, akaapa. Nikamwita muongo mbele ya mke wake. Mpaka leo akija anakaa pale mlangoni, anakunywa maji, anaondoka. Humu ndani hajalala tena."

Fundi alianza kupiga magoti. Mimi nilishindwa hata kuinua macho. Tulidhani tumekuja kurudisha mota.

"Inuka, fundi," akasema. "Fanya kazi yako kwanza."

Mashine yake ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa gunia safi. Fundi alizifungua zote mbili kwenye mkeka, mimi nikimulika. Vidole vyake vilitafuta skrubu kwa kupapasa, na zile zilizomkataa nilizielekeza mimi. Alitoa mota nzima kwa Ng'ombe, akatoa ile iliyoungua kwenye mashine ya pili, akaisafisha ile nzima, akaiwekea kaboni mpya, akairudisha kwa mwenyewe, na kipande cha mwisho cha kofia ya baba yake akakizungusha kwenye beringi ya yule mama. Ilipowashwa ililia moo, kuku wakatawanyika uani. Yule mama akaisukuma kwenye mkeka mara moja kwenda na kurudi, akaizima.

"Hilo jani," akauliza, "lilikuwa la nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalichomoa kwenye chupa, akalifuta maji kwa khanga.

"Basi nalichukua mimi. Nampelekea mwanangu."

"Na sisi, mama?" Fundi akauliza.

"Ninyi ngojeni. Akilipokea yeye, na mimi nimepokea."

Tukiwa tunaaga, Fundi aliikunja mota iliyoungua ndani ya gazeti, akanigeukia. "Hii ni yako, Mwalimu." Niliipakata kwenye bajaji hadi nyumbani. Ilikuwa bado inanuka moshi wa Desemba ile.

Tulingoja. Nilimwona Fundi asubuhi akikaa nje bila kazi, simu juu ya goti. Jumamosi moja alivuka mfereji akanisimulia akiwa bado anahema. Yule mama amepiga. Mwanawe hakuelewa jani mpaka alipoelezwa, kisha akalishika akalia kama mtoto, akala wali wa mama yake, akalala humo ndani.

Jumapili yake nilikaa benchi la mwisho, pembeni ya Fundi. Watu walipoanza kupanga mstari akakaa kidogo ameshika benchi la mbele, halafu akainuka. Nilisogeza magoti ili apite. Mimi sikwenda. Nilimwona akirudi kwa njia ya pembeni, uso umelowa, hajui hata aweke wapi mikono yake.

Nje ulikuwa mnada wa sadaka kama kawaida, watu wanashindania mkungu wa ndizi na jogoo mwenye hasira, mnadishaji anatania wasiofika bei. Nilimvuta Fundi kando ya ukuta. Nilifungua mkoba, nikatoa isale nililolikata alfajiri mpakani kwangu, nikalifunga fundo palepale.

"Nilikuwekea sharti, Fundi," nikasema.

Alitoa pamba masikioni ili anisikie vizuri. Nikarudia. Akalipokea hapo hapo kwa mikono miwili, na hakuniambia nisubiri hata mnada uishe.